Shamba Lililofagiliwa

Jina la Mama Mabua alipewa na watu waliokuwa wakimcheka, na mwanzoni lilimuuma. Baadaye alilizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, hata akawa akiitwa jina lake la kweli hageuki, anadhani anaitwa mwingine.

Kijijini alikokuwa akiishi, kila mtu akishavuna mahindi hukusanya mabua, akayarundika na kuyachoma. Shamba linabaki tupu, limekwanguliwa kama uwanja wa kuchezea, na mwenyewe husimama ukingoni mikono kiunoni akijisikia raha. Shamba safi ndilo lililokuwa likisema kwamba katika nyumba hii hakuna mvivu. Mama Mabua yeye aliyalaza mabua yake chini, palepale yalipovunwa, majani na vigunzi na kila kitu. Akazungushia shamba matawi ya miiba ili ng'ombe wa watu wasiingie kuyala. Msimu ukifika hakulima shamba zima. Alisogeza mabua kidogo kwa ncha ya jembe, akachimba shimo, akatia mbegu, akayarudisha.

"Wifi," dada wa mumewe alimwambia siku moja, "shamba lako limekaa kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Lichane basi!"

Wifi huyo alikuwa mfagizi wa zahanati. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga deki sakafu za zahanati ile, na uchafu kwake ulikuwa kama dhambi. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusaidia. Ukiugua, kabla hujamaliza kulalamika amekwisha kukufulia mashuka.

"Nitalichana nikizeeka," Mama Mabua alimjibu.

"Unasubiri uzee gani mwingine, shoga yangu?"

Wakacheka wote wawili, mambo yakaishia hapo.

Mama Mabua hakuyaokota njiani mambo hayo ya kufunika shamba. Alipokuwa msichana alifanya kibarua cha kupalilia kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Bwana shamba wa pale, mtu mfupi asiye na maneno mengi, aliona kwamba msichana huyu amemaliza darasa la saba na mwandiko wake unasomeka, akampa kazi ya kusoma kipimajoto. Kulikuwa na vipande viwili vya shamba vilivyopakana, kimoja kimefagiliwa, kingine kimefunikwa mabua. Kila siku saa nane mchana alichomeka kipimajoto ardhini, kina cha kidole cha shahada, akaandika kwenye daftari. Siku ya kwanza ya jua kali kipande kitupu kilisoma digrii arobaini na moja. Chini ya mabua, hatua tatu tu kutoka pale, ishirini na tisa. Alifikiri kipimajoto kimeharibika. Akakifuta, akarudia, ikawa vilevile.

"Acha chombo," bwana shamba alimwambia. "Tia mkono."

Akatia mkono. Kule kwenye kipande kitupu ni jiko. Huku chini ya mabua ni mtungi wa maji uliowekwa kivulini. Tena udongo wa huku ulikuwa na unyevu, ukiufinya unashikana, na ilikuwa siku ya kumi na moja bila tone la mvua.

Mkono ule haukusahau. Lakini ilimbidi asubiri mpaka awe na shamba ambalo neno lake linasikika, na hilo lilikuja akiwa mtu mzima, baada ya wakwe zake kutangulia mbele za haki na shamba likabaki kwa mumewe.

Mumewe aliitwa Fundi na kila mtu, kwa sababu alitengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati karibu na barabara. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye mafuta meusi kwenye kucha ambayo hata sabuni ya kufulia ilishindwa kuyatoa. Mwaka wa kwanza wa mabua mahindi yao yalitoka manjano na dhaifu, maana mabua yanapoanza kuoza nayo yanakula nguvu ya udongo. Panya wakazaana chini yake. Mchwa wakaja. Majirani wakaja pia, kuangalia.

"Mke wangu," Fundi aliuliza kwa upole, akitafuna, "mwaka huu tunakula mahindi au tunakula mabua?"

"Vumilia."

"Navumilia. Nauliza tu ili meno yajiandae."

Mwaka wa pili rangi ya njano ikaondoka. Mwaka wa tatu jua lilikaa wiki mbili katikati ya msimu, mahindi ya watu yakajikunja, yao yakasimama. Fundi alitoka kibandani, akavua viatu, akaingia kati ya mistari akakanyaga kwa nyayo tupu. Alirudi na matope kidogo kwenye vidole vya miguu, kwenye jua lile, akamwonyesha mkewe kama mtu anayeonyesha pete.

Mwaka huohuo, mavuno yakiwa yameshaingia ndani, Fundi akaanguka. Alikuwa akinyoosha rimu ya baiskeli, mkono wa kushoto ukaachia, mdomo ukaenda upande. Mwenye baiskeli ndiye aliyepiga kelele. Kiharusi, walisema hospitali, na wakamlaza wiki tatu katika wodi yenye vitanda ishirini na wagonjwa ishirini na sita. Mama Mabua alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Nyumba, kuku na shamba alimwachia wifi yake. "Niangalizie," alimwambia, na hakuongeza neno, gari lilikuwa linamsubiri.

Wiki ya pili walikuja watoto wao wawili, binti mshonaji na kaka yake dereva wa lori. Dereva ndiye aliyesema, amesimama kwenye baraza ya wodi, akigeuza funguo mkononi.

"Mama, tusidanganyane. Mzee hatashika spana tena. Chakula chenu sasa ni shamba peke yake."

"Najua, mwanangu."

"Tumeongea na dada. Msimu huu unaokuja, mkipata chakula cha kuwafikisha mavuno mengine, mtakaa kwenu, sisi tutaleta dawa na sabuni. Mkikosa, mzee atakuja kwangu na wewe utaenda kwa dada. Kwangu ni chumba na sebule, mama. Kwa dada ni chumba na cherehani. Hakuna pa kuwaweka wawili."

Alikuwa anasema kweli, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama Mabua aliangalia kitandani. Miaka thelathini na sita hawajawahi kulala mbalimbali ila wiki za kujifungua. Fundi alikuwa amesikia yote. Akakusanya upande mzima wa mdomo wake, akasema, kila neno peke yake, "Shamba. Lipo."

Na Mama Mabua moyo wake ukatulia. Wengine wangekuwa wanategemea mawingu. Yeye alikuwa na matabaka matatu ya mabua pale chini, la juu bado kavu, la kati limelainika, la chini limekwisha kuwa udongo. Hata mvua ikiwa mbaya, alijua atavuna kitu. Usiku huo alisali kwa kushukuru, na wala hakuomba mvua nyingi.

Siku waliyorudi, wifi aliwapokea njiani na kitambaa kipya kichwani. Alisaidia kumshusha kaka yake kwenye gari, akamkalisha kwenye kiti, akamfunika miguu. Kisha akamshika Mama Mabua mkono kama msichana mwenye siri.

"Njoo nyuma. Fumba macho. Fumba, wewe!"

Akafumba. Akanusa majivu kabla ya kufumbua.

Shamba lilikuwa limefagiliwa. Lilikuwa jekundu mpaka macho yalipoishia, na madoa meusi ya majivu pale marundo yalipochomwa. Matawi ya miiba nayo yalikuwa yamechomwa. Alama za ufagio zilionekana, mistari myembamba iliyopinda vizuri, kama kwenye uwanja wa nyumba ya ibada siku ya harusi.

"Wanawake kumi na mmoja," wifi alisema. "Kikundi chote cha sala. Siku mbili. Yule mwenye mgongo naye alikuja, akakaa chini akakusanya kwa mkono. Tulisema mgonjwa asirudi akute kwake kumekaa kama pori. Kulikuwa na panya humo, wifi! Tuliimba mpaka sauti zikakauka." Akasubiri. "Unalia?"

Alikuwa analia kweli. Wifi akamkumbatia, naye akaanza kulia, kwa furaha.

Mama Mabua alikuwa na maneno kooni. Aliyaona yote, yamejipanga. Lakini mbele yake kulikuwa na mikono ya mtu aliyepiga deki siku nzima halafu akaja kuinama kwenye shamba lisilo lake. Akayameza.

"Asanteni," alisema. "Mungu awalipe."

Fundi aliomba kwa kidole asogezwe mlangoni. Akaangalia shamba muda mrefu.

"Na-ni?"

"Dada yako na wenzake. Kwa upendo."

Fundi akafumba macho.

Baada ya hapo Mama Mabua alihangaika peke yake, kimyakimya, asije akamuumiza mtu. Alizunguka kuomba mabua, akakuta kila mtu amechoma ya kwake au ng'ombe wameyamaliza. Alikata nyasi kando ya barabara, akajaza gunia, akabeba kichwani. Kila akitoka humlaza Fundi ubavu, na akirudi hukuta muda wa kumgeuza umepita. Magunia kumi na manne yalifunika mahali padogo kuliko sebule. Upepo ukachukua nusu, mbuzi wakachukua nusu. Akaacha.

Lakini chini kabisa, kwenye kona iliyopakana na mfereji, wanawake walikuwa wamechoka. Mistari mitano haikuguswa, wala miiba ya upande ule. Mabua yalikuwa bado yamelala, ya kijivu, yameshikana kama mkeka mzee.

Mvua ya kwanza ilikuja kwa hasira. Zamani maji yaliangukia mabua, yakavunjika nguvu, yakazama taratibu. Safari hii yalipiga udongo mtupu, yakakusanya majivu, yakakimbilia mfereji yakiwa mazito kama uji. Siku mbili baadaye juu pakaganda ukoko mgumu. Akapanda. Mbegu zilipasua ukoko kwa shida, zingine zikafia chini yake. Hata hivyo shamba liligeuka kijani, na wifi alipopita alipiga vigelegele.

Kisha mvua ikakata.

Siku ya kumi, majani ya mahindi yalijikunja mchana kama sigara na kufunguka jioni. Saa nane aliweka kiganja chake chini, akakitoa haraka. Hakuwa na kipimajoto, ila kiganja kilikumbuka jiko lile. Alichota maji kisimani kwa ndoo, akamwagia mimea michache iliyokuwa karibu na nyumba. Asubuhi udongo ulikuwa mweusi, saa sita umekuwa mwekundu, saa nane umepasuka. Siku ya kumi na saba majani hayakufunguka jioni. Siku ya ishirini na nne mvua ilirudi, na mahindi yalishatoa mbelewele yakiwa yanamfikia magotini.

Isipokuwa mistari mitano. Pale chini mahindi yalimpita kichwa, majani mapana, yanagusana. Alipenda kwenda huko na hakupenda. Akifunua mabua anakuta udongo wa baridi, mweusi, na nyungunyungu wanaojivuta kukimbia mwanga. Akifunika tena anaona kama anafunika uso wa mtu.

Alijua mtu mwingine akiona atauliza. Akaandaa jibu. Alilirudia akikoka moto na akimlisha Fundi uji kwa kijiko: jua, wifi, ni jua tu, limechagua. Na kwa sababu wifi alikuwa na zamu zahanati asubuhi na jioni, msimu wote aliangalia shamba kutoka njiani tu, na kutoka njiani kona ile haionekani.

Siku ya kuvuna wifi aliomba ruhusa kazini. Alikuja na kikapu, akaanza juu, akamenya hindi la kwanza. Punje tisa. La pili lilikuwa tupu.

"Mungu wangu," alisema. "Mwaka huu tumekosa nini?"

Wakaendelea hivyo, kikapu kikibeba hewa, mpaka wakafika chini. Wifi akasimama. Aliangalia mistari mitano, akageuka akaangalia walikotoka, akaangalia tena.

"Mbegu ni ileile?"

"Ileile."

"Ulipanda yote siku moja?"

"Siku moja."

"Hapa ulimwagilia."

"Hapana. Mbali na kisima."

Wifi akainama. Mikono yake mikubwa ikayasogeza mabua, ikaingia udongoni, ikakaa humo. Alipoinuka alikuwa na tonge la udongo, akalifinya likashikana. Alisogea hatua mbili upande uliofagiliwa, akachota na huku. Ukamchurukia kati ya vidole kama unga.

"Hapa hatukufika," alisema polepole. "Tulichoka. Nilisema pale padogo hapana neno."

Mama Mabua aliendelea kuvunja mahindi.

"Wifi. Ni sisi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini hakuwahi katika maisha yake kumdanganya mtu aliyemuuliza hivyo, macho kwa macho, na sasa akagundua kwamba hawezi.

"Hata mabua yangekuwepo, jua hili lingetubana," alisema.

"Sikukuuliza jua."

"Ndiyo," alisema Mama Mabua. "Ni mabua."

Wifi alikaa chini kwa kishindo, akaruka papo hapo. Udongo ulikuwa umemuunguza kupitia kanga. Akabaki amesimama, anajipapasa, na mdomo wazi.

"Mbona ulisema asante?"

"Nilishukuru kweli. Mlichoka kwa ajili yangu."

"Ungenitukana!" Sauti ile kubwa ilipanda mpaka ndege wakaruka. "Siku ileile ungenitukana, tena mbele ya watu! Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, wifi. Tuliweza kuchoma siku mbili, tusingeweza kukata nyasi za mtoni siku mbili? Tungefunika lote. Lote! Wewe ulikuwa unabeba gunia peke yako barabarani, nakuona, nakuuliza unakwenda wapi, unaniambia unanyoosha miguu!"

Mama Mabua alishika bua lililokuwa mbele yake. Miezi minne alikuwa akiomba apewe nguvu ya kutomchukia mtu. Alikuwa amepewa. Hakuwahi kuomba ujasiri wa kusema. Na nyasi za mtoni, ndefu, nyingi, hazikumjia akilini hata siku moja, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuzibeba.

"Sikutaka uumie," alisema.

"Na sasa?"

Mama Mabua akasogea kwenye bua linalofuata. Walimaliza mistari mitano. Yalitoka madebe mawili na nusu. Shamba lote lililobaki, lile lililofagiliwa, lilitoa sufuria moja.

Dereva alikuja Jumatatu. Hakuuliza, aliona gunia. Aliingia ndani akamwinua baba yake kama mtu anayeinua mlango, akamtoa hadi kwenye gari dogo aliloazima kwa rafiki, akamlaza kwenye kiti cha nyuma na mito miwili. Wifi alikuja, akamshika kaka yake mguu uliokufa, akaukanda, akaukanda, mpaka dereva akamwambia kwa upole, "Shangazi, tunachelewa." Wifi akaondoka bila kuaga. Walimwona baadaye shambani peke yake, anayalaza vile vibua vifupi chini, kimoja kimoja, ingawa havikufunika kitu.

Mama Mabua aliinama kwenye dirisha la gari, akamwambia mwanawe.

"Sikiliza. Anageuzwa ubavu kila baada ya saa mbili, mchana hata akiwa amekaa unamsogeza. Upande wa kushoto hasikii, chai ya moto usimwekee huko, ataungua na hatakuambia. Uji mwepesi. Akikohoa mwinamishe mbele, usimpige mgongo. Rudia."

"Mama, nimesikia."

"Rudia."

Dereva akarudia, akasahau chai. Akamwambia tena. Akarudia, akapatia vyote. Fundi alikuwa akimwangalia mkewe kwa macho yote mawili. Upande mzima wa mdomo wake ulijikusanya, ukajaribu, ukaacha. Akampa mkono wa kulia. Kwenye kucha mafuta meusi yalikuwa yamekwisha kutoka, mkono ulikuwa msafi kama wa mtu wa ofisini. Mama Mabua aliushika mpaka gari likaanza kwenda, akatembea nalo kidogo, kisha likawa na kasi.

Gari la kumpeleka kwa binti yake lilikuwa Alhamisi. Alirudi ndani, akafunga nguo zake, akakunja mikeka, akaosha kikombe cha uji. Alikaa mlangoni na kusali, lakini maneno hayakuja kwa mpangilio. Baada ya saa mbili aliinuka, akanyoosha kanga, akaingia chumbani kwenda kumgeuza Fundi.

Akasimama pale, mikono imetangulia mbele, akiangalia kitanda.